Hong Myung-bo: libero anayehitaji muda

Daegu, Juni 29, 2002. Korea Kusini na Uturuki wanagombea nafasi ya tatu ya Kombe la Dunia. Korea wanaanzisha mpira na kuurudisha nyuma kwa nahodha wao, Hong Myung-bo. Anautuliza, anachelewa kidogo tu, İlhan Mansız anamvamia, mpira unamfikia Hakan Şükür, bao. Zilikuwa zimepita sekunde 11. Hakuna bao lililowahi kufungwa haraka kuliko hilo katika fainali za Kombe la Dunia. Na huyo aliyepokonywa ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa tatu wa mashindano yale, nyuma ya Oliver Kahn na Ronaldo, Mwasia wa kwanza kupewa Mpira wa Shaba.

Niyaseme maoni yangu mapema: Hong ni hodari akipewa muda, na huharibikiwa akibanwa. Alikuwa hivyo akiwa beki, na amekuwa hivyo akiwa kocha tangu 2009. Wanaomwita gwiji wanasahau Porto Alegre, alikochapwa na Algeria mwaka 2014, na wanaomzomea wanasahau Ulsan, klabu aliyoipa ubingwa mara mbili.

Siku hizi beki yeyote wa kati anayejua kupiga pasi huitwa libero. Kazi yenyewe ni finyu kuliko hivyo. Katika mfumo wa mabeki watatu, 3-4-3, wa Guus Hiddink, kocha wa Korea mwaka 2002, Choi Jin-cheul kulia na Kim Tae-young kushoto ndio waliokabana na washambuliaji, bega kwa bega. Hong alisimama katikati yao, hatua chache nyuma, na kila mpira uliowapita wale wawili ulikuwa wake. Korea wakiupata mpira, mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa hana wa kumkaba. Anasogea nao mbele taratibu, anamvuta kiungo mmoja wa wapinzani amfuate, kisha anampasia mwenzake aliyeachwa wazi na kiungo huyo. Mbio hazihitajiki sana. Kinachohitajika ni kuona mapema, na sekunde mbili za kuamua.

Hatari zake zinajulikana. Libero akikaa nyuma mno, mtego wa kuotea unavunjika, kwa sababu yeye ndiye anayewahalalisha washambuliaji wote waliosimama mbele yake. Tena kati yake na viungo linafunguka pengo ambalo namba 10 wa wapinzani anaingia bila kubisha hodi. Akipanda na mpira akapokonywa, nyuma amebaki kipa peke yake. Hiddink aliliziba pengo kwa kumweka Kim Nam-il mbele ya mabeki, mtu wa kuvunja tu, bila mapambo. Katika mechi sita za kwanza Korea wakafungwa mabao matatu, moja na Marekani, moja na Italia, moja na Ujerumani. Hiddink huyohuyo, miaka minne nyuma, ndiye aliyekuwa kocha wa Uholanzi walipoichapa Korea 5-0 kule Marseille, Hong akiwa uwanjani.

Watu wanaikumbuka zaidi penalti ya tano dhidi ya Hispania kule Gwangju, Hong akipiga baada ya Lee Woon-jae kumzuia Joaquín, Korea nusu fainali. Mimi naikumbuka zaidi mechi ya Italia. Korea wako nyuma 1-0. Hiddink anamtoa Kim Tae-young na kumwingiza Hwang Sun-hong, mshambuliaji. Anamtoa Kim Nam-il na kumwingiza Lee Chun-soo, mshambuliaji mwingine. Dakika ya 83 anamtoa Hong mwenyewe, nahodha, ili aingie Cha Du-ri. Dakika ya 88 Seol Ki-hyeon akasawazisha, na Ahn Jung-hwan akamaliza kwa bao la dhahabu, lile la muda wa nyongeza lililomaliza mechi papo hapo. Kocha aliyekuwa radhi kuuvunja ukuta wake mwenyewe alishinda. Somo hilo Hong alilipata akiwa benchi. Ninavyoona mimi, hakulishika lote.

Kwa mchezaji sitakaa sana: ubingwa wa Korea na tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 1992, msimu wake wa kwanza na Pohang, Japani na Bellmare Hiratsuka, kisha Kashiwa Reysol, Marekani na LA Galaxy mwishoni, mechi 136 za taifa, Kombe la Dunia mara nne. Ila mechi moja ya Dallas mwaka 1994 iwekeni akilini. Ujerumani walikuwa mbele 3-0 mapumzikoni. Kipindi cha pili Hong akapanda, akapiga shuti la mbali, ikawa 3-2, na Wajerumani wakamaliza wakitamani filimbi.

Ukocha aliuanzia pembeni, msaidizi wa Dick Advocaat kwenye Kombe la Dunia la 2006, kisha wa Pim Verbeek. Kazi iliyomtambulisha ilianza 2009 na vijana chini ya miaka 20, waliofika robo fainali Misri na kutolewa na Ghana 3-2. Yashikeni majina mawili ya kikosi kile: nahodha Koo Ja-cheol, na beki wa mguu wa kushoto aitwaye Kim Young-gwon.

Mwaka uliofuata Hong alifanya jambo ambalo makocha wengi wasingethubutu. Kwenye Michezo ya Asia, Guangzhou 2010, sheria iliruhusu vijana chini ya miaka 23, na dhahabu ilikuwa na thamani kubwa kuliko kombe lolote: ingewaondolea wachezaji jeshi la lazima la karibu miaka miwili. Hong alipeleka kikosi kilichojaa vijana chini ya miaka 21, kwa hesabu ya London 2012. Wakafungwa na Falme za Kiarabu nusu fainali katika dakika za nyongeza. Wakapata shaba, na shaba ya Asia haimsamehe mtu jeshi. Alilaumiwa, lakini kundi lile lilikuwa limeshapikwa pamoja.

Shaba ya Olimpiki ndiyo inayosamehe. London kikosi kilikuwa na watu 18, na kiini chake ni walewale wa Misri. Msaidizi wake alikuwa Kim Tae-young, mwenzake wa ukuta wa 2002. Mwalimu wa viungo alikuwa Mjapani, Seigo Ikeda. Waliwatoa wenyeji, timu ya Great Britain, kwa penalti kule Cardiff, wakala 3-0 za Brazil, kisha wakarudi Cardiff kucheza na Japani kuwania shaba. Park Chu-young akawapunguza mabeki na kufunga la kwanza, Koo akaongeza la pili. Mechi ikikaribia kwisha Hong akamwingiza beki Kim Kee-hee, ambaye alikuwa hajacheza hata dakika moja. Msamaha wa jeshi ulihitaji mtu awe amegusa uwanja. Dakika zile chache zilimpa kijana miaka miwili ya kazi yake.

Park naye alikuwa ametokea kwenye kashfa. Kibali cha kuishi Monaco kilikuwa kimemwezesha kuahirisha jeshi kwa miaka mingi, na Wakorea walichukia. Hong alikaa naye mbele ya waandishi na kusema kwamba Park asipokwenda jeshini, atakwenda yeye badala yake. Wakorea wana neno *uiri*, uaminifu wa kutomwacha mwenzako. Mwaka 2012 lilikuwa sifa.

Miaka miwili baadaye likawa tusi. Hong alipewa timu ya taifa Juni 2013, mwaka mmoja kabla ya Kombe la Dunia la Brazil. Alitangaza kigezo: atachukua wanaocheza kwenye klabu zao. Kisha akamchukua Park, ambaye alikuwa hachezi Arsenal wala kwa mkopo Watford. Siku chache kabla ya mashindano Ghana waliwafunga 4-0 kule Miami. Sare ya 1-1 na Urusi ikaficha kidonda. Kilipasuka Porto Alegre mbele ya Algeria: dakika ya 26 mpira mrefu unapita kati ya Kim Young-gwon na Hong Jeong-ho, Slimani anaukimbilia na kufunga, ya 28 kona, kichwa cha Halliche, ya 38 Djabou. Mapumzikoni 3-0, kama Dallas, ila hakukuwa na libero wa kupanda. Iliisha 4-2, na Algeria wakawa Waafrika wa kwanza kufunga mabao manne katika mechi ya Kombe la Dunia.

Park alianza mechi zote mbili na kutolewa mapema kipindi cha pili zote mbili. Hapo ndipo namlaumu Hong. Kumtoa alijua, kumwacha asianze ndiko kulikomshinda, hadi mechi ya Ubelgiji, nayo wakafungwa 1-0 na Wabelgiji waliobaki kumi uwanjani. Uwanja wa ndege wa Incheon mashabiki waliwarushia pipi za *yeot*, matusi kwa Kikorea. Hong alijiuzulu Julai 10, 2014. Wanaosema hajui mpira wanakosea. Alikuwa na mwaka mmoja na siku chache za kambi kila baada ya miezi, akajificha kwa watu aliowajua. Akabanwa, akachelewa na mpira mguuni.

China nipite haraka: Hangzhou Greentown walishuka daraja naye mwaka 2016. Kisha akakaa ofisini kwenye shirikisho la soka la Korea.

Ulsan ndipo penye ushahidi wangu. Alifika mwishoni mwa 2020. Klabu ilikuwa imemaliza ya pili mara mbili mfululizo nyuma ya Jeonbuk, na mwaka wake wa kwanza ikawa ya pili tena. Hakufukuzwa. Mwaka 2022 akamleta Kim Young-gwon, yuleyule wa Misri na yuleyule aliyepitwa na mpira mrefu wa Algeria. Oktoba 8 walikuwa nyuma 1-0 kwa Jeonbuk hadi dakika za majeruhi. Martin Adam akafunga mawili. Ubingwa ukaja baada ya miaka 17. Mwaka 2023 wakautetea, mara ya kwanza katika historia ya klabu, na mchezaji bora wa ligi akawa Kim. Ukiwa na mazoezi ya kila siku, makosa ya ukuta unayarekebisha Jumatatu. Timu ya taifa haina Jumatatu.

Ndiyo maana uteuzi wa Julai 2024, wa kumrudisha timu ya taifa, ulikuwa kosa la pande mbili. Shirikisho lilikuwa limemfukuza kocha Jürgen Klinsmann tangu Februari, likazunguka miezi mitano, na ukaguzi wa wizara ya michezo ukakuta taratibu za uteuzi hazikufuatwa. Hong naye alikuwa amewaahidi watu wa Ulsan kwamba haondoki. Mechi yake ya mwisho pale, kichapo cha 1-0 huku akizomewa, ilichezwa Julai 10, miaka kumi kamili tangu ajiuzulu. Seoul mashabiki walimzomea tena Korea walipotoka 0-0 na Palestina. Ahueni ilikuja siku tano baadaye kule Muscat, 3-1 dhidi ya Omani. Raundi ile ya kufuzu Kombe la Dunia Korea hawakupoteza mechi, wakafuzu kwa kuifunga Iraq 2-0 kule Basra Juni 2025.

Kisha akarudisha mabeki watatu, Kim Min-jae akiwa katikati, kwenye nafasi ileile ya zamani. Marekani walifungwa 2-0 kwao, na mfumo ukasifiwa. Oktoba 10 Brazil wakaja Seoul na kushinda 5-0. Bao la tatu lilikuja mara tu baada ya mapumziko: Kim Min-jae ana mpira karibu na lango lake, anachelewa kidogo tu, Estevão anamnyang'anya na kufunga.