Viti vitupu bungeni: picha ilipigwa saa ngapi?

Kila Bunge la bajeti likianza Aprili hapa Dodoma, picha ni ileile. Mbunge anachangia kuhusu barabara za kwao, nyuma yake viti vimebaki vitupu, pembeni mwenzake kasinzia. Hukumu hutoka kabla hajamaliza dakika zake: wanakula posho za bure.

Hasira hiyo haikuzuka tu. Mwaka 2011, posho ya kikao ilipopandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000, watu waliuliza mshahara basi ni wa nini. Anayesaini asubuhi kisha akatoweka, simtetei.

Ila kazi kubwa ya kuibana Serikali iko kwenye kamati. PAC, kamati ya hesabu za Serikali, ikiwa na ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu hizo, mezani, maofisa wa wizara huitwa kueleza hela ilikwenda wapi, hoja moja baada ya nyingine. Kazi ya kuchosha, na haitoi klipu ya kusambaza.

Halafu kuna jimbo, ambalo humfuata mbunge hadi huku. Maswali hayajaisha, simu inatetemeka mfukoni: "Mheshimiwa, nimeshashuka hapa stendi ya Nane Nane, nina ile barua ya mtoto." Mzee kakesha kwenye basi. Mbunge asipotoka, habari itafika kijijini kwamba ana dharau. Akitoka, kiti chake kinapigwa picha. Sisi tunaomwita nje ndio tunaomcheka.

Katiba nayo inasema anayekosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika anapoteza ubunge. Mkutano, si kikao: mkutano mmoja ni wiki kadhaa za vikao vya kila siku. Ule wa bajeti pekee huenda hadi mwishoni mwa Juni. Mtoro wa kawaida hapo haguswi. Aliyeguswa 2019 ni Tundu Lissu, mbunge wa upinzani wa Singida Mashariki, aliyekuwa Ubelgiji kwa matibabu baada ya kupigwa risasi 2017. Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alitaja utoro pamoja na kutowasilisha tamko la mali.

Wapo wanaodhani chemba ya pili ya Bunge, ya watu wazima wenye busara, ingetuponya. Seneti ya Kenya ina maseneta 67, na akidi yake, yaani idadi ya chini inayotakiwa ukumbini, ni 15. Malodi wa Uingereza, chemba ya juu ya Bunge lao, wanaweza kujadili wakiwa watatu, ingawa kura ya muswada hudai 30. Busara nayo huacha viti vitupu.

Sisi akidi yetu ni nusu ya wabunge wote, lakini inadaiwa wakati wa kuamua tu. Kwa Bunge la watu 400 hivi, ni karibu 200. Hapa ndipo ninapokosa raha. Maamuzi mengi hupita kwa sauti: "Wanaoafiki waseme ndiyo." Ndiyo inavuma, walioafiki wameshinda, tunasonga mbele. Vichwa havihesabiwi mpaka mbunge asimame kuhoji akidi, na ni nani wa chama tawala atasimama kumkwamisha waziri wake?

Kwa hiyo ukinitumia picha ya viti vitupu, niambie kwanza ilipigwa saa ngapi: wakati wa kuchangia, au wakati wa ile ndiyo?