Uchafu Ulionaswa Bado Uko Majini

Jumapili moja mwezi uliopita simu iliita kabla jua halijatoka. Kijana wa Buhongwa, hapa Mwanza. Ninamfahamu kwa sababu mama yake ni mteja wangu wa magauni.

"Shikamoo anti."

"Marahaba baba. Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Furu wangu wamekufa."

Furu ni samaki wadogo wa Ziwa Victoria, na yeye anawafuga kwenye tangi la kioo. Nikamuuliza wangapi. Akanyamaza, nikasikia anahesabu. Kumi na mmoja kati ya kumi na wanne.

Nilifika kwao saa mbili. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tano usiku ukarudi alfajiri, na nyumba nzima ilikuwa inaulaumu. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye sampu, lile tangi la chini ambamo maji huchujwa kabla pampu haijayarudisha juu, nikaondoa mfuniko, na harufu ikanieleza yote. Soksi tatu za kuchujia, mifuko ya kitambaa yenye vitundu vya mikroni 50, zilikuwa zimejaa ute mweusi, maji yanapita juu ya midomo yake kwa sababu kwenye kitambaa hakukuwa na pa kupita. Nilimuuliza amezifua lini. Akasema muuzaji alimwambia akishaweka hizo amemaliza kazi. Zilikuwa na wiki tano.

Usiku uleule umeme ulikatika na kwangu Kirumba. Sina jenereta wala betri. Asubuhi furu wangu wote walikuwa wananisubiri kwenye kioo niwape chakula.

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa na bado linanichoma, kwa sababu yule kijana hakuwa mzembe. Alitumia akiba yake yote kununua kitu alichoambiwa ndicho bora. Ubora aliouziwa ulipimwa kwa swali moja tu: kinanasa uchafu mdogo kiasi gani? Hilo swali ndilo linaloua samaki wa watu.

Fikiria safari ya kinyesi cha samaki. Kinashuka na maji kutoka tangi la juu, kinafika kwenye sampu, kinanaswa na soksi. Wewe unatazama kioo, unaona maji meupe, unaridhika. Lakini maji yanayopita ndani ya soksi hiyo ndiyo hayohayo yanayorudi kwa samaki. Uchafu umehama chumba tu, haujatoka nyumbani. Huko ulikohamia unaendelea kuoza, unatoa amonia ambayo ni sumu kwa samaki, bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na kazi yote hiyo inakula oksijeni. Pampu ikiwa inafanya kazi hasara inajificha, kwa kuwa maji yanayoanguka yanachukua hewa njiani. Umeme ukikatika, samaki wanabaki juu na hewa inayopungua, na kule chini soksi inaozea kwenye maji yaliyosimama. Umeme ukirudi, pampu inachota uozo ule wa usiku kucha na kuurusha juu, kwa samaki ambao tayari wanahema. Kijana wangu alipoteza samaki kwa namna hiyo. Umeme ulimalizia tu kilichoanza wiki tano nyuma.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aweke chujio gani la uchafu kwenye sampu, sianzi na mikroni. Namuuliza: utalitoaje, utalioshea wapi, na litakuchukua dakika ngapi ukiwa umechoka, umetoka kazini, na maji ya bomba yanatoka kwa mgawo? Chujio litakalooshwa kila siku ya tatu, hata kama linapitisha vumbi kidogo, ni bora mara elfu kuliko lile linalonasa kila kitu halafu linaachwa.

Mimi ni fundi cherehani, nguo ninazijua. Hizo soksi nzito za kitambaa kilichoshindiliwa kama blanketi hazina tundu unaloweza kuliona. Mikroni 50 ni sehemu ya ishirini ya milimita moja. Uchafu unazama katikati ya nyuzi, na ukikamua unatoka nusu yake. Kuifua soksi hiyo vizuri ni kuigeuza ndani nje, kuisugua, kuiloweka kwenye jiki, kuisuuza mara nyingi, kisha kuianika hadi ikauke na harufu ya dawa iishe. Nani atafanya hivyo mara mbili kwa wiki, mwaka mzima? Neti ya nailoni ya mikroni 200 ina nafuu: unaimwagia maji, uchafu unateleza. Nimeshona kadhaa kwa mkono wangu na ninazipenda. Za blanketi sizishoni tena, hata ukinilipa.

Kwangu mimi maji hushuka kwanza juu ya sponji la matundu makubwa, lenye unene wa vidole vitatu, lililolazwa ndani ya kikapu cha plastiki. Chini yake kuna pamba ile ya kujazia mito, tabaka moja jembamba. Basi. Kikapu nakichomoa kwa mkono mmoja kama droo, sponji nalikamua kwenye ndoo, pamba nikishaiosha mara mbili naitupa na kuweka nyingine. Dakika tano. Likiziba kabla sijalifikia, maji yanamwagikia pembeni mwa kikapu na kubaki ndani ya chumba kilekile.

Hilo la mwisho nimelilipia. Sampu yangu ya kwanza ilikuwa na sponji lililobanwa wima kati ya vioo viwili, na fundi aliyeijenga hakuacha njia ya maji ya ziada. Usiku mmoja liliziba. Chumba cha mwanzo kikafurika hadi sakafuni, chumba cha pampu kikakauka, pampu ikaungua. Chini ya meza kulikuwa na vitenge vya kamati nzima ya harusi, vimekatwa, vinasubiri kushonwa. Rangi zilichuja zikaingiliana. Nilinunua vitenge vipya kwa fedha yangu, nikashona usiku na mchana. Ukijengewa sampu, ukingo wa kioo kinachobana sponji uwe chini kuliko kuta za nje, na uache nafasi tupu ya kutosha kupokea maji yatakayoshuka pampu ikizima.

Kuhusu pamba: hakikisha ni poliesta, kwa sababu pamba halisi inaoza majini. Kama huna uhakika, vuta nyuzi chache uzichome kwa kiberiti. Pamba halisi hubaki majivu laini na kunuka kama karatasi iliyoungua. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu. Ni kipimo kile tunachotumia mafundi wote wa nguo, na hakihitaji duka la samaki. Yenye manukato au dawa yoyote usiitie kabisa.

Sasa wale wanaosema, "Usioshe sponji, utaua bakteria." Hawa wananikasirisha kuliko muuzaji. Bakteria wana chumba chao, baada ya chujio la uchafu: mawe yenye vitundu, vipande vya plastiki, changarawe. Humo siingizi mkono hovyo. Sponji la mbele ni fagio, na fagio huoshwa. Nakubali jambo moja: tangi likiwa jipya, katika wiki sita za mwanzo, bakteria bado ni wachache na wengine wanaishi hata kwenye hilo sponji, basi likamulie kwenye maji uliyoyatoa tangini, si kwenye maji ya bomba yenye klorini. Baada ya hapo, osha.

Mashine zile zinazojiviringisha kitambaa kipya zenyewe zinafanya hasa ninachokitaka, yaani kuutoa uchafu nje ya maji. Ila roli ikiisha, ya kubadilisha utaitoa wapi hapa Mwanza?

Na chujio laini nalo lina siku yake. Nikipanga upya mawe, vumbi likapanda, naweka neti laini kabisa kwa saa chache, maji yanang'aa, naitoa jioni ileile. Ninachokataa ni kuliacha humo likae.

Kuna watu wanaoniambia, "Anti, unahangaika hivyo kwa furu? Si chambo cha sangara hao?" Wanasema hivyo kwa sababu furu wanamjua akiwa amekufa kwenye ndoana, kijivu. Hawajamwona dume aliye hai kwenye maji safi. Yupo anayeitwa Pundamilia nyererei: neno la kwanza ni letu kabisa, la pili ni kwa heshima ya Mwalimu. Mgongo mwekundu, ubavu wa manjano wenye milia myeusi. Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, dume lake lina rangi ya bluu. Majike wa aina hizi mbili wanafanana sana, na wao huchagua dume kwa kutazama rangi. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji ya ziwa yanapozidi kuwa na ukungu, rangi za furu hufifia na aina zake hupungua, maana jike haoni vizuri anayemchagua. Pale kisiwa cha Makobe, maji ni angavu, na wekundu na wa bluu wanaishi jirani kila mmoja na wake. Kisiwa cha Luanso, ndani ya Ghuba yetu ya Mwanza, maji ni mazito na wamekuwa mchanganyiko mmoja.

Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wa Ghuba ya Mwanza walikuwa wameporomoka. Yale siwezi kuyarudisha. Lakini lita 300 zilizo sebuleni kwangu zipo chini ya mikono yangu, na humo jike ataona rangi ya dume wake vizuri kadiri nitakavyoosha sponji. Ndiyo maana naumia kuona kijana anayewapenda hawa samaki anauziwa kitu cha kumfanya asiguse sampu yake.

Tulizitoa zile soksi siku ileile. Tulibadilisha theluthi ya maji kwa maji yaliyokaa kwenye pipa tangu jana yake, tukarudia kesho yake na keshokutwa. Nilimpelekea kikapu, sponji nililolikata kwa mkasi wangu wa nguo, na pamba ya kumtosha miezi miwili. Mama yake ameandika kwenye kalenda ya ukutani: Jumatano na Jumapili, kuosha.

Kati ya wale watatu waliobaki, mmoja ni dume. Alikuwa amefifia, mapezi yamebana mwilini. Juzi kijana amenitumia picha: amekaa juu ya jiwe lake, mapezi wazi, na wekundu umeanza kurudi mgongoni.