Rangi mpya haitoshi
Makala moja niliyoisoma inasema helikopta ya kijeshi ya Black Hawk iliyouzwa na jeshi la Marekani, ikishapakwa rangi na kupewa namba ya kiraia, inabeba abiria kama helikopta nyingine. Si kweli. Nimezifanyia ufundi miaka sita: FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, huzipa cheti chenye masharti, kwa kazi maalumu kama kuzima moto wa misitu au kuinua mizigo kwa kamba, na abiria wa kulipa nauli ni marufuku. Kazi kubwa ni makaratasi. Niliwahi kushika pini ya panga la rotori inayong'aa kama mpya, lakini kadi yake ya kumbukumbu ilikuwa na pengo, saa ilizoruka hazikuandikwa. Hatukuweza kujua imetumika kiasi gani, tukaikata vipande. Mafundi wenzangu mlioko nyumbani, vipuri visivyo na kadi mnavifanyaje?