Taa za ukungu za pikapu: badilisha taa nzima, balbu peke yake haitoshi

Ukiulizia taa za ukungu za LED dukani, kitu cha kwanza utakachowekewa mezani ni jozi ya balbu. Muuzaji atakwambia ni kuchomoa na kuchomeka, dakika kumi kazi imekwisha. Kuchomeka ni rahisi kweli, ila hiyo ndiyo njia nisiyomshauri mtu mwenye pikapu aifuate. Kama bajeti inaruhusu jambo moja tu, nunua taa kamili ya LED, yenye lenzi na mwili wake. Kama hairuhusu, baki na halojeni (balbu ya kawaida yenye waya unaowaka) na ung'arishe lenzi zilizofifia.

Sababu iko ndani ya taa. Kiakisi cha taa ya halojeni, yaani kikombe king'aavu kinachorudisha mwanga mbele, kimechongwa kwa ajili ya waya mmoja mwembamba, wenye urefu wa milimita chache, unaowaka pande zote na kukaa mahali pamoja hasa. Kutokana na waya huo taa hutoa mwanga mpana, wa chini, uliokatwa juu kama kwa rula. Balbu ya LED haina waya. Ina vidonge bapa vya LED vilivyobandikwa pande mbili za kibao, na unene wa kibao chenyewe huviachanisha. Kiakisi hakijui hilo. Matokeo yake ule mstari wa juu unavunjika, mwanga unapanda, na ukungu unakurudishia machoni. Anayekuja mbele yako naye anapata sehemu yake. Nchi nyingi huhesabu kuweka balbu ya LED kwenye taa iliyoidhinishwa kwa halojeni kuwa kosa, na kwa taa za ukungu naona wana haki.

Usidanganywe na lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, zilizoandikwa kwenye boksi. Kazi ya taa ya ukungu ni kumulika kingo za barabara na mita chache za mbele, chini ya macho yako. Ikimwaga mwanga mkali mno karibu na bampa, jicho linazoea mwanga huo, na cha mbali hukioni tena.

Kuhusu rangi, halojeni huwa karibu kelvini 3200 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni njano, kubwa inaelekea bluu). LED nyingi huuzwa zikiwa 6000 au 6500, nyeupe inayoelekea bluu, kwa sababu zinapendeza pichani. Mimi ningechukua njano, karibu 3000. Msemo kwamba njano "inapenya" ukungu hauna msingi: matone ya ukungu ni makubwa kuliko urefu wa wimbi la mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Faida ya njano ni kwamba imepunguzwa bluu, na bluu ndiyo inayoumiza macho zaidi mwanga unapokurudia.

Kabla ya kununua, chungulia nyuma ya taa uliyonayo. Kitako cha balbu kina maandishi: H11 ni ya wati 55, H8 ni ya wati 35, na H16 ya wati 19 nayo ipo. Soketi zao zinafanana kwa mbali lakini si kitu kimoja. Pima kipenyo cha lenzi na umbali kati ya matundu ya boliti. Kwenye lenzi ya taa mpya tafuta alama za idhini: E ndani ya duara pamoja na herufi B au F3, au maandishi SAE F. Taa isiyo na alama hizo ni taa ndogo ya spoti tu iliyopewa jina la taa ya ukungu.

Kufunga hakuhitaji kushusha bampa kwenye pikapu nyingi. Zima gari, acha halojeni ipoe, kata usukani mpaka mwisho ili tairi lipishe mkono, kisha toa klipu tatu au nne za plastiki ya ndani ya madigadi. Chomoa plagi na ufungue boliti, mara nyingi za spana namba 10. Weka taa mpya, chomeka, uiwashe kabla ya kurudisha chochote. Isipowaka, geuza plagi kwanza: halojeni haijali chanya na hasi, LED inajali. Plagi ikikataa kugeuka, pima kwa mita ujue waya upi ni chanya, kisha badilisha pini ndani ya soketi. Usikimbilie mkasi.

Taa ikipepesa, au dashibodi ikilalamika kuwa balbu imeungua, ni kompyuta ya gari inayotarajia mzigo wa halojeni. Dawa inayouzwa ni rezista, kipande kinachovuta umeme ili kuiga mzigo huo, ya omu 6, wati 50. Piga hesabu: kwenye volti 14 inavuta ampea 2.3 na kugeuza wati 33 hivi kuwa joto tupu. LED ya wati 20 pamoja na rezista hiyo inakurudisha kwenye wati 53, pale pale ulipotoka, tena ukiwa na kipande kinachoweza kuyeyusha waya. Ukilazimika kuitumia, ifunge kwa boliti kwenye chuma, mbali na plastiki. Rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) yenye waya wake kutoka betri na fyuzi ya ampea 10 ni nadhifu zaidi, ila kama kompyuta inatuma umeme kwa mapigo, rilei italia kama nyenje na itahitaji kifaa cha kusawazisha mapigo hayo. Waya wa hasi uufunge kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Maji nayo yana lake. Lenzi ya LED haipati joto kama ya halojeni, kwa hiyo unyevu ukiingia hukaa. Tundu la kupumulia lielekee chini, oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) ikae bila kujikunja, na plagi ipakwe grisi ya umeme. Taa yenye feni ndogo nyuma haifai kwa gari linalopita matope; feni ikiziba, LED inachemka na kufifia kabla ya wakati.

Mwisho ni kulenga, na hapa pikapu si kama gari dogo la saluni. Simama kwenye sakafu tambarare, mita 10 kutoka ukutani, upepo wa tairi ukiwa sawa. Mstari wa juu wa mwanga uwe sentimita 20 chini ya kimo cha katikati ya taa: taa ikiwa sentimita 60 kutoka chini, mstari uwe 40. Sasa weka mzigo. Gari lenye mita 3 kati ya ekseli, nyuma ikishuka sentimita 5 tu, pua inanyanyuka karibu digrii moja, na mwanga unapanda sentimita 17 pale ukutani. Karibu nafasi yote uliyoacha imeliwa. Kwa hiyo lenga ukiwa na mzigo unaoubeba siku nyingi, na chagua taa yenye skrubu ya kurekebisha inayofikika kwa bisibisi bila kufungua madigadi tena.