Ukame ndo unawafanya ndege walee kwa ujima? Mbona hondohondo wanakataa

Kuna ndege ambao kinda akishakua haondoki, anabaki kwa wazazi kulisha wadogo zake. Hawa ni kama asilimia 9 ya spishi zote za ndege duniani, sio wachache. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mvua zisizotabirika ndo zinawalazimisha kushirikiana, na yana ushahidi: mwaka 2007 watafiti Rubenstein na Lovette walilinganisha kwezi wa Afrika wakakuta kwamba wa savana, ambako mwaka huu mvua ipo mwakani haipo, wanalea kwa ujima kuliko wa msituni. Mtazame kwezi wa Laikipia, Kenya, yule mwenye mgongo wa buluu na tumbo rangi ya kutu. Kiota kimoja lakini wanapishana ndege wazima kadhaa na wadudu mdomoni, na mwaka ukiwa mbaya hiyo midomo ya ziada inasaidia kweli.

Sasa njoo kwa hondohondo. Utafiti wa 2013 ulikuta kinyume kabisa, wanaolea kwa ujima wapo zaidi kwenye hali ya hewa iliyotulia! Ukikaa ukafikiria inaeleweka, maana chakula kikiwepo mwaka mzima wenye eneo hawabanduki, kijana ataenda wapi, na mama yake kajifungia kwenye shimo la mti kwa matope kabakiza ufa wa kupitishia mdomo tu, anahitaji wa kumletea.

Afu kuna kindege kimoja cha kisiwa cha Cousin, Shelisheli, nacho hulea kwa ujima. Mwaka 1988 walihamishwa baadhi kwenda Aride, kisiwa cha nchi hiyohiyo, na vijana waliozaliwa kule walianza kuzaa wenyewe badala ya kusaidia wazazi, mpaka maeneo mazuri yalipojaa. Kilichobadilika ni nafasi, sio mvua.

Mi naegemea wale watafiti waliosema mwaka 2017, Cornwallis na wenzake, kwamba ujima mara nyingi ulitangulia, ndo ukawawezesha ndege kuingia sehemu ngumu. Yaani huenda savana haikuwafundisha kitu, iliwapokea tu waliokuwa tayari (japo kwa kwezi bado naona mvua ina neno lake).

Ila kuingia sio kudumu. Ndege aina ya zogoyogo weusi kwa weupe wa Kalahari wanaishi kwa makundi na kulea kwa ujima, na ukame ukija na joto kali unawaua tu, kundi liwe kubwa au dogo.