Lita Tatu za Oili, Washauri Mtaa Mzima

Gari langu ni Starlet ya mwaka 1994. Harusi yangu ilikuwa 2009. Kwa hiyo gari limeitangulia ndoa kwa miaka 15, na linajua. Asubuhi ya baridi hapa Shabab haliwaki kabla halijakohoa mara tatu na kumwamsha mwenye nyumba, ambaye akishaamka hukumbuka kodi.

Wiki jana likaanza kugonga tapeti, vile vyuma vya juu ya injini vinavyosukuma valvu. Taka-taka-taka, kama cherehani ya fundi nguo aliyechelewa na sare za shule. Nikachomoa kile kijiti cha kupimia, nikakipangusa, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili haikugusa hata alama ya chini. Ile kidogo iliyoonekana ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria ya matanga.

Mtu mwenye akili angefungua kitabu cha gari. Ninacho, kimelala ndani ya dashibodi tangu gari lishuke melini Mombasa. Lakini ni Kijapani kitupu. Nilikifungua mara moja tu, nikaona katuni ya bwana mmoja amepishanisha mikono, anakataza kitu. Sijui anakataza nini. Huenda ndicho ninachofanya kila siku. Nikakifunga.

Kosa langu lilikuwa kusema kwa sauti, pale kwa watu wa bodaboda, "Nataka kununua oili." Jameni! Nakuru hii ukisema unaumwa utapewa pole. Ukisema gari linataka oili utashikwa mkono.

Jirani yangu anaendesha matatu ya Eldoret. "Chukua 15W-40 kama yangu, hiyo hupanda Timboroa bila kulalamika." Namba hizo ni za uzito wa oili. Shida ni kwamba matatu yake ni ya dizeli, gari langu la petroli, na kopo aliloniletea limeandikwa CI-4 peke yake. Herufi ya S ndiyo ya injini za petroli, C ni ya dizeli. Hilo nililijua nilipokuwa nimeshamshukuru na kumnunulia chai na mandazi.

Shemeji wa Kisumu nilimpigia mwenyewe, sijui ni shetani gani alinituma. Kwake ni 20W-50 ama kifo. "Huku jua linawaka, oili nyepesi inakuwa maji!" Nikamwambia Nakuru iko juu, kama mita 1,850, na asubuhi tunavaa majaketi. Akanijibu kwamba jua ni moja. Salio langu likakata, nikamshukuru Mungu.

Fundi naye hakuuliza kitu. Aliinamisha sikio juu ya injini, akafumba macho, akatoa hukumu: "Imezeeka hii. Ipe nzito. 20W-50." Nilitaka kumwambia kwamba nyuma hakuna moshi wa buluu, ule unaoonyesha injini inakula oili. Lakini unabishana vipi na mtu anayelala chini ya gari lako?

Na huyu fundi nina kesi naye ya zamani. Kopo ni lita 4. Kastarleti kangu kanameza 3 na kidogo. Kila sevisi kuna kinachobaki kwenye kopo, na kila sevisi kopo silioni tena. Nikiuliza, ananiambia, "Iliingia kwa filta." Filta yenyewe inatoshana na kikombe cha chai! Siku moja nitaijaza uji mbele yake tuhesabu.

Dukani nikampata msichana mdogo, labda ametoka chuoni juzi. Huyu ndiye aliyeniuliza maswali. Gari limetembea kilomita ngapi? Linatoa moshi? Asubuhi unaona madoa ya oili pale lilipolala? Madoa yapo. Kila usiku natandika katoni chini, mwenye nyumba asione.

Akanieleza pole pole. W ni ya "winter", msimu wa baridi ule wa wenzetu. 10W hupimwa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Nikamwuliza baridi hiyo ni ya London gani, ya Uingereza au ya mtaa wetu wa London hapa Nakuru? Akacheka. Akasema hapa hatufiki huko, lakini namba ikiwa ndogo ujue oili itakimbia haraka hadi kwenye tapeti asubuhi, kabla injini haijapata moto. Namba ya pili ni uzito wake injini ikishachemka, na hupimwa kwenye nyuzi 100. "Haitoi moshi, basi 10W-30 inakutosha. Ziba kwanza panapovuja."

Nilimsikiliza vizuri sana. Halafu nikanunua 20W-50. Fundi ana ndevu, shemeji ana sauti, na mimi ningeanzaje kuwaambia wanaume hao kwamba nimeshauriwa na mtoto wa kaunta? Tena nikavunja sili palepale nikanusa, nisiuziwe feki. Oili halali inanuka vipi, sijui. Nilitikisa kichwa kama mjuzi, nikalipa 3,800.

Jioni binti yangu wa gredi ya nne akakitoa kile kitabu garini.

"Baba, hapa kuna picha ya kopo la oili."

"Wacha, hicho ni Kijapani."

"Maneno ndiyo Kijapani. Namba si Kijapani."

Akaweka kidole. 10W-30, wazi kama bei ya unga. "20W-50 siioni, baba." Mama yake alicheka mpaka akaketi chini.

Kesho yake nikarudi dukani. Yule msichana akatazama kopo, akatazama sili, akanitazama mimi. Hakusema neno. Alinionyesha tu karatasi iliyobandikwa ukutani: kilichofunguliwa hakirudishwi. Nikanunua 10W-30, kopo la pili ndani ya siku mbili, na juu yake gaskiti ya kifuniko cha valvu, ya kuziba panapovuja.

Ile 20W-50 iko chini ya kitanda. Sijui nani alimwambia fundi, lakini leo amenipigia mara tatu. Anasema kama haina kazi aje aichukue, kuna gari la mteja lina filta kubwa sana.