Kaboni kwenye matofali ya ndoo za chuma: ipunguzwe, lakini si kila mahali

Kwa miaka mingi sasa kuna msukumo wa kupunguza kaboni katika matofali yanayojengwa ndani ya ndoo kubwa za kiwandani za kubebea chuma cha pua kilichoyeyuka. Tofali la kawaida la magnesia (oksidi ya magnesi) na grafiti, ambayo ndiyo kaboni yenyewe, hubeba kaboni asilimia 10 hadi 15. Watafiti wengi wanataka ishuke chini ya 5, na wapo wanaotaka iondoke kabisa. Hoja zao zina uzito. Kosa ni kuzitumia kwa ndoo nzima, kana kwamba ukuta wake wote unafanya kazi moja.

Kaboni haikuingia humo kwa bahati. Ndoo hupokea chuma chenye joto la nyuzi 1600 na zaidi, na juu yake huelea mavi ya chuma, yaani uchafu ulioyeyuka wenye chokaa, silika na alumina (oksidi ya alumini). Magnesia huyeyuka karibu na nyuzi 2800, kwa hiyo joto peke yake haliimalizi. Kinachoimaliza ni mavi kupenya kwenye vinyweleo vya tofali na kulila polepole, pamoja na nyufa zinazotokea ndoo inapojazwa, ikamwagwa, ikapoa, kisha ikajazwa tena. Grafiti husaidia pande zote mbili. Mavi hayailowanishi, hivyo hupenya kwa shida. Na kwa kuwa hupitisha joto upesi, uso wa tofali na sehemu yake ya ndani haviachani sana kwa joto.

Lakini sifa hiyohiyo ya kupitisha joto ndiyo shtaka la kwanza. Joto hutoka kwenye chuma, hupita kwenye ukuta na kuishia kwenye ganda la nje la ndoo, na tanuri hulazimika kutoa chuma cha moto zaidi ili kufidia. Huo ni umeme au mafuta yanayolipiwa kila siku.

Shtaka la pili linawagusa wanaotengeneza chuma chenye kaboni kidogo mno, kama mabati laini ya kuundia mabodi ya magari, ambayo kaboni yake inatakiwa isizidi sehemu 30 hivi kwa milioni. Fanya hesabu. Katika ndoo ya tani 150, kilo moja na nusu ya kaboni inatosha kupandisha kiwango kwa sehemu 10 kwa milioni. Tofali la kilo 12 lenye kaboni asilimia 12 limebeba karibu kilo hiyo na nusu. Yaani tofali moja tu likiyeyukia humo, theluthi ya posho yote imekwisha. Anayetengeneza nondo, ambazo kaboni yake ni sehemu 2000 au zaidi kwa milioni, hana haja ya kupoteza usingizi kwa jambo hili.

Tena kaboni huungua. Ili kuilinda, watengenezaji huchanganya unga wa alumini, ambao huiwahi oksijeni. Alumini hiyo huungana na kaboni na kugeuka kuwa kabaidi ndani ya tofali, na kabaidi ikikutana na unyevu hutoa methani na kuvimba. Ndoo iliyokaa kando kwa muda mrefu inaweza kukutwa na matofali yanayomeguka yenyewe, na matofali chakavu yenye kabaidi hiyo huwasumbua wanaotaka kuyasaga na kuyatumia upya. Kuyatumia upya si jambo dogo: kila tani ya magnesia inayopatikana kwa kuchoma magnesaiti huachia takriban tani 1.1 za kaboni dayoksaidi kutoka kwenye jiwe lenyewe, kabla hujahesabu mafuta ya tanuri.

Ukisoma mashtaka hayo peke yake utaing'oa grafiti yote kesho. Ila tofali la kaboni kidogo hupasuka kwa urahisi zaidi, na dawa zilizopendekezwa, kama kaboni ya chembe ndogo sana, ni ghali na ngumu kusambaza sawasawa kwenye mchanganyiko. Njia nyingine ni zege la alumina na spineli (muungano wa magnesia na alumina), ambalo halina kaboni kabisa na limetumika sana Japani. Uzuri wake ni kwamba ukuta ukilika unamwagiwa zege jipya juu ya lile la zamani badala ya kubomolewa. Ubaya wake ni maji. Likikaushwa kwa haraka, mvuke hunaswa ndani na zege hulipuka.

Kwa maoni yangu, usawa wa mavi, yaani ukanda wa ukuta ambapo mavi huelea, uachiwe grafiti yake. Pale ndipo ukuta unapolika kwa kasi zaidi, na sijaona mbadala unaoushinda kwa kazi hiyo. Ukutani chini ya usawa huo na kwenye sakafu, mahali panapogusana na chuma chenyewe, kaboni ishuke au zege lichukue nafasi, hasa kwa kiwanda kinachouza chuma safi.

Kabla ya yote hayo, kiwanda kiangalie mavi yake. Mavi ya tanuri yanayoponyoka na kuingia kwenye ndoo huja na oksidi ya chuma, ambayo huchoma kaboni ya tofali moja kwa moja. Na mavi yenye njaa ya magnesia yataitafuta ukutani. Yakilishwa dolomiti iliyochomwa, jiwe lenye chokaa na magnesia, hadi yakaribie kushiba, hupunguza ulaji. Hilo halihitaji tofali jipya.

Mameneja wengi hupima ubora wa ukuta kwa idadi ya mara ndoo ilizojazwa kabla ya kujengwa upya. Kipimo hicho hulipendelea tofali lenye kaboni nyingi, kwa sababu joto lililopotea na chuma kilichokataliwa na mteja huandikwa kwenye daftari la idara nyingine.